RX-8 asubuhi inawaka vizuri, ikipata moto inagoma. Injini imekwisha au naogopeshwa tu?

#1 Kidagaa_Mchana
Wakuu, habari za jioni.

Kuna Mazda RX-8 ya 2005 nimeionyeshwa hapa Dar. Gia sita za mkono, kijivu, dashibodi inasoma kilomita 98,000. Dalali anataka milioni 9.5, na ile milango ya nyuma inayofunguka kinyume ndiyo iliyonimaliza, sitaficha.

Nimeijaribu Jumamosi. Nimefika saa moja asubuhi, nikagusa boneti kwa mkono, baridi kabisa. Ikawaka kwa stata moja. Tumeenda nayo mpaka Tegeta na kurudi, inavuta hadi mizunguko 8,000 kwa dakika bila kusita. Tumefika Mwenge nikazima, nikashuka kununua maji ya kunywa. Kurudi: stata inazunguka, inazunguka, watu wa daladala wanaangalia, sekunde kama 12 hivi ndipo ikashika kwa kutapatapa. Mwenye gari kasema betri imechoka.

Fundi wake akaleta geji ya kupimia kompresheni, yaani pumzi ya injini, hii hii ya kawaida, akafunga kwenye tundu la plagi. Mbele ilisoma psi 105, nyuma 100. Akasema "hii ina maisha bado."

Toyota IST yangu nimeshaiuza, hela ninayo mkononi. Ninunue au nikimbie? Natanguliza shukrani.

#2 Nyundo Ndogo
Umeuza IST ununue RX-8. Msiba uko wapi tuje na rambirambi?

#3 Mtu wa Ukonga
Kimbia. Hizo ringi za pistoni zimekwisha na turbo inavujisha oili, ndiyo maana inagoma ya moto. Jirani yangu yalimkuta.

#4 Rota_Tatu
> Mtu wa Ukonga: Hizo ringi za pistoni zimekwisha na turbo inavujisha oili

Mkuu, RX-8 haina pistoni na haina turbo. Hapo umemponya mgonjwa wa jirani.

Ndani kuna rota mbili, kila moja kama andazi la pembe tatu, zinazunguka ndani ya chumba chenye umbo la namba nane iliyonenepa. Kwenye kila ncha kuna kipande cha chuma kinachokwaruza ukuta muda wote, ndiyo sili ya ncha, yaani kizibo cha kuzuia pumzi isivuje. Ubavuni kuna sili nyingine, na kwenye kona nyingine. Zikichoka hizo pumzi inavuja, na injini haina nguvu ya kujiwasha. Ya moto inaonyesha zaidi kwa sababu oili imekuwa nyepesi na haisaidii tena kuziba.

Kidagaa, ulichokiona Mwenge ndiyo dalili ya kwanza inayotajwa popote duniani panapouzwa hii gari. Lakini dalili siyo kipimo.

#5 Mtu wa Ukonga
Basi, gari ya jirani ilikuwa RX-7. Ila ilikufa.

#6 Pwani Kabisa (Mombasa)
Ndugu yangu usikate tamaa mapema. Yangu ilifanya hivyo hivyo miezi mitatu, kila mtu akaniambia injini, injini, injini. Nikabadilisha stata tu. Ile ya miaka ya mwanzo ni dhaifu, ikipata joto inazunguka kama mzee anayepanda ngazi, na Mazda wenyewe walikuja kutoa yenye kasi zaidi. Tangu niweke hiyo, iwe moto iwe baridi inashika. Mwaka wa pili huu.

#7 Nyundo Ndogo
Mwaka wa pili unaendesha au mwaka wa pili imepaki?

#8 Pwani Kabisa (Mombasa)
Naendesha Jumapili.

#9 MK_Mswahili (Milton Keynes)
Nimekuwa nazo mbili huku Uingereza, zinauzwa bei ya baiskeli nzuri kwa sababu hii hii. Mnunuzi huku hatoi senti bila karatasi ya kipimo.

Geji ya kawaida haifai na nitasema kwa nini. Rota moja ina vyumba vitatu. Geji ya pistoni ina vali ndogo inayoshikilia pumzi isirudi, kwa hiyo inakuonyesha chumba kilicho bora tu, viwili vingine vinajificha nyuma yake. Ile 100 yako ya nyuma ni ya mwanafunzi aliyefaulu, hujaona wawili waliofeli.

Mashine halisi inasoma vyumba vyote sita na kasi ya stata. Kipimo cha Mazda kwa hii injini ni kPa 830 ikiwa nzima, na isishuke chini ya 680. Tofauti kati ya vyumba vya rota moja isizidi 150, rota kwa rota isizidi 100. Yote hayo stata ikizunguka mara 250 kwa dakika, injini ikiwa ya moto.

Ya kwangu ya kwanza ilisoma 610, 590, 600 mbele na 540, 560, 530 nyuma. Yaani imeshafeli kwa karatasi. Niliendesha miezi 14 ndipo ikagoma kabisa, nikiwa kituo cha mafuta, watu wamejipanga nyuma yangu.

#10 Kidagaa_Mchana
Mkuu MK asante sana. Hiyo mashine hapa Dar nani anayo? Na 105 na 100 zangu kwa hizo kPa ni ngapi?

#11 MK_Mswahili (Milton Keynes)
105 ni kama 724, 100 ni kama 690. Juu ya mstari kidogo. Lakini kumbuka ni chumba bora tu.

#12 Fundi Seif wa Temeke
Mashine hiyo sijaiona kwa macho hapa mjini. Ila kuna njia ya uswahilini na inafanya kazi.

Chukua geji hiyo hiyo, fungua ile vali ndogo ya mpirani, kama ya tairi, itoe. Sasa geji haishiki pumzi, mshale unaruka kila chumba kinapopita. Toa fyuzi ya pampu ya petroli na ukate umeme wa koili zinazopeleka cheche kwenye plagi, usije ukajaza petroli au ukapigwa shoti. Fungua tairi la mbele kushoto, plagi ziko pale mbili juu mbili chini. Kanyaga resi mpaka chini, piga stata sekunde kumi, mwenzako arekodi mshale na simu, na sauti. Sauti ni muhimu kuliko mshale, utanielewa ukisikia.

Namba utakazoona usizifuate, zitakuwa chini. Unatafuta usawa. Pu-pu-pu ni mzima. Pu-pu-fyuu ni shughuli.

#13 Bawabu wa Muttrah (Muscat)
Kwangu plagi ziko upande wa dereva, siyo kushoto. Msimpotoshe kijana.

#14 Fundi Seif wa Temeke
Mzee, usukani wako uko kushoto. Dereva wako ndiye kushoto.

#15 Bawabu wa Muttrah (Muscat)
Wallahi kweli. Yameisha.

Haya na yangu pia. Miaka minne iliyopita gari ilipoteza nguvu, ikifika 5,000 inakwama, ukizima haiwaki mpaka ipoe nusu saa. Gereji ya kwanza wakasema funga injini, tengeneza upya, wakanipa na bei. Nikaenda kwa Mpakistani mmoja, akalaza kadi ya boksi chini ya gari akaingia, dakika mbili akatoka akasema njoo uone. Masega ya ekzosi, yale ya kusafisha moshi, yalikuwa yanang'aa mekundu mchana kweupe. Yameyeyuka ndani yameziba. Gari haina pa kutolea pumzi, joto linarudi kwenye injini. Tulipotoa masega ikawa mbwa aliyefunguliwa mnyororo.

Kwa hiyo kabla ya kutangaza kifo, angalia ekzosi.

#16 Rota_Tatu
Mzee Bawabu kisa chako kizuri ila kwa Kidagaa hakikai. Yeye kasema inavuta hadi 8,000 bila kusita. Masega yaliyoziba yasingemruhusu afike huko.

Na swali la pembeni: nini kiliyayeyusha? Mara nyingi koili. Koili za RX-8 zina uhai mfupi, ikifika kilomita 50,000 wengi wanabadilisha zote nne bila kuuliza. Koili ikifa petroli haiungui ndani, inaenda kuungulia kwenye masega. Masega yanakufa, joto linapanda, sili zinakufa. Ni mnyororo. Mtu analaumu rota, aliyeua ni koili ambayo bei yake hata haifanani.

#17 binti_gerezani
Na koili hizo nauza mimi, hivyo nitasema ukweli nikose mteja. Zipo za boksi zuri zinazokufa mwezi wa pili. Shika mkononi, ya asili ina uzito, feki ni nyepesi kama biskuti. Plagi nazo msichanganye, hii gari inatumia aina mbili: za chini msimbo unaishia na L, za juu unaishia na T. Watu wanakuja kuniomba "plagi nne za RX-8 zinazofanana." Hazifanani!

Kidagaa, kuhusu kutengeneza: seti nzima ya sili na mipira ya hii injini, bila kazi ya fundi, inazidi bei ya injini kamili ya mtumba ya IST. Na hapo uombe kuta za ndani ziwe hazijachanika. Zikichanika unanunua na hizo, halafu tusisalimiane.

#18 Nyundo Ndogo
Huyu dada amesema IST makusudi.

#19 Kisima cha Karen (Nairobi)
Sasa nyinyi watu wa Dar mna bahati. Huku kwetu tuko mita 1,700 juu ya bahari, hewa yenyewe ni nyepesi, imebaki kama asilimia 82 ya ile yenu. Piga hesabu: injini nzima ya 830 huku inasoma kama 680. Yaani gari mpya kabisa Nairobi inaonekana imekaribia kufa! Nilipima yangu nikapata 640, mekanika akaniambia andaa pesa. Nilipoishukisha Mombasa likizo nikaipima tena: 770. Gari ile ile, wiki ile ile.

#20 MK_Mswahili (Milton Keynes)
Hii watu wengi huisahau. Safi sana. Ila Kidagaa yuko Mwenge, pale kisingizio cha mwinuko hakipo.

#21 Mwana Mbeya
Mimi kisingizio hicho ninacho.

#22 Mtu wa Ukonga
Mnazunguka sana. Wajapani waliomgundua huyu mdudu wenyewe wameshamkimbia. Kiwanda kilifunga 2010.

#23 Rota_Tatu
Mambo matatu. Aliyeivumbua ni Mjerumani, Felix Wankel, na injini yake ya kwanza ilizunguka 1957. Waliomuuzia Mazda leseni ni NSU, Wajerumani pia, na NSU wenyewe waliumia kwa gari yao ya Ro 80 ya 1967, sili zinaisha, wateja wanarudisha injini kwa dhamana mpaka kampuni ikayumba. Mazda mwaka ule ule wa 1967 wakatoa Cosmo Sport baada ya kuhangaika na mikwaruzo ndani ya chumba, waliyokuwa wanaiita kucha za shetani.

Pili, RX-8 ilitengenezwa 2003 mpaka 2012. Ilisitishwa Ulaya mapema, Japani iliendelea.

Tatu hawajakimbia. Mwaka 2023 rota moja ya cc 830 waliiweka kwenye gari yao ya umeme ya MX-30, kazi yake kuchaji betri tu.

#24 Mtu wa Ukonga
Yaani kutoka kushinda mbio za Le Mans 1991 mpaka kuwa jenereta. Na bado mnaitetea.

#25 Rota_Tatu
Kumbe 787B, gari ya rota iliyoshinda hizo mbio, unaijua! Leo umepata moja.

#26 Nyundo Ndogo
Nina swali la kijinga. Kadi inasema cc 1,308. Mbona jamaa yangu anajaza petroli kama ana Land Cruiser?

#27 MK_Mswahili (Milton Keynes)
Siyo la kijinga. Hiyo 1,308 ni chumba kimoja kwa kila rota, mara mbili. Lakini rota ina vyumba vitatu na inapika karibu mfululizo. Japani kwenyewe kwenye kodi ya mwaka hizo cc wanazizidisha mara moja na nusu, zinahesabika kama 1,962. Mimi nilikuwa napata kilomita 7 kwa lita nikiwa na adabu.

#28 Kidagaa_Mchana
Wakuu nimerudi. Nimemshawishi mwenye gari, leo jioni tumefanya ya Fundi Seif, mimi na shemeji yangu ameshika simu.

Tumeizungusha mjini dakika 25 ipate moto kwanza. Kufungua plagi za moto nimeungua vidole viwili, sijali. Tumetoa ile vali ya geji kwa mkasi wa kucha. Rota ya mbele: mshale unaruka sawa sawa, pu pu pu pu, kama mtu anatwanga kisamvu. Rota ya nyuma: pu, pu, halafu ya tatu inakuja laini. Siyo fyuu kabisa, ni kama "pf". Pu-pu-pf, pu-pu-pf. Nimesikiliza video mara kumi, mke wangu ananiuliza kama naumwa.

Mwenye gari kasema ni upepo.

#29 Fundi Seif wa Temeke
Hesabu hizo pu kwa sekunde kumi. Kila shafti ikizunguka mara moja rota inatoa pumzi moja. Stata ya 250 kwa dakika ni pumzi 41 au 42 kwa sekunde kumi.

#30 Kidagaa_Mchana
Nimehesabu mara tatu. 33.

#31 Pwani Kabisa (Mombasa)
SIMESEMA! 33 mara sita ni 198. Hiyo ni stata au betri! Kwa kasi hiyo hata injini mpya inasoma chini. Mpelekeeni betri nzuri mpime tena.

#32 MK_Mswahili (Milton Keynes)
Pwani yuko sahihi nusu. Kasi ndogo inashusha namba zote sita pamoja. Kwa 198 ile 100 yake ingepanda ukiirekebisha. Lakini stata haichagui chumba. Haiwezi kuonea chumba kimoja cha rota ya nyuma na kuacha vitano.

#33 Fundi Seif wa Temeke
Hapo hapo. Na mniangalie kitu kingine. Sili ya ncha ni ukuta kati ya vyumba viwili. Ikikatika au ikiisha, vyumba viwili jirani vinashuka pamoja. Utasikia pu-fyuu-fyuu. Kidagaa ana kimoja tu. Mimi hapo nafikiria sili ya ubavuni, ama imeganda kwa masizi haitoki kwenye mfereji wake. Ikiwa imeganda, kuna wakati inaachia.

#34 Kisima cha Karen (Nairobi)
Ndiyo maana husemwa hii gari ikipelekwa polepole inakufa. Mwenyewe wa kwanza alikuwa anaenda nayo kazini kwa 2,500 tu? Masizi hujaa. Ipelekeni barabara ndefu, mpaka 9,000, kila siku mara moja, wiki mbili. Yangu ilirudi.

#35 Mtu wa Ukonga
Yaani dawa ya gari inayokufa ni kuipiga resi.

#36 Kisima cha Karen (Nairobi)
Kwa rota, ndiyo.

#37 binti_gerezani
Wengine wanamwagia maji kidogo kidogo kwenye njia ya hewa ikiwa inaunguruma, eti mvuke unasafisha masizi. Nimeona kwa macho yangu moshi mweupe umejaza mtaa mzima, watu wa duka la vioo wanatukana. Ile gari iliwaka vizuri wiki nzima. Wiki ya pili ikaletwa kwa kamba.

#38 Mchezaji Breki
Jaribuni hii bure: washa swichi bila kuwasha injini, kanyaga breki mara 20 ndani ya sekunde 8. Kompyuta inafuta kumbukumbu na kujifunza upya. Yangu ilikuwa inagoma, ikaacha.

#39 Nyundo Ndogo
Mara 20 ukiwa umeelekea wapi? Na ubani unahitajika?

#40 Rota_Tatu
Msimcheke, hiyo ipo kweli, huwa inafanywa kompyuta ikihitaji kusoma upya shafti. Ila haiongezi pumzi kwenye chumba cha tatu.

#41 Bawabu wa Muttrah (Muscat)
Kijana hujasema habari ya maji. Rejeta inapungua?

#42 Kidagaa_Mchana
Mzee, siku ya kwanza nilikuta kopo la maji ya bomba kwenye buti. Mwenye gari akasema ni ya kunawa mikono.

#43 Bawabu wa Muttrah (Muscat)
La kunawa mikono, lita ngapi?

#44 Kidagaa_Mchana
Tano.

#45 Bawabu wa Muttrah (Muscat)
Hapa sasa. Ndani kati ya ukuta na ukuta kuna mipira ya duara inayotenganisha maji na moto. Gari ikichemsha hata mara moja, mpira unakauka. Maji yanaingia chumbani taratibu, na pumzi inaingia kwenye maji. Asubuhi ikiwa baridi fungua kifuniko, mwambie mtu awashe, wewe tazama. Viputo visivyoisha, ondoka hapo usiage.

#46 Kidagaa_Mchana
Nimeenda leo kabla ya kazi. Imewaka stata moja, kama kawaida yake ya baridi. Viputo vilitoka vitatu, vinne, nikasema haya yamekwisha. Halafu vikaacha. Nimekaa dakika tano hakuna kingine. Moshi mweupe wa kuwasha ulikuwepo ila nao ukakata.

#47 Fundi Seif wa Temeke
Vitatu vinne vikakoma inaweza kuwa hewa iliyobaki mtu akijaza maji. Siwezi kukuapia.

#48 Bawabu wa Muttrah (Muscat)
Na inaweza kuwa mpira unaoanza. Nami sikuapii.

#49 Mwana Mbeya
Oili inakula?

#50 Rota_Tatu
Mkuu, hii inapaswa kula oili, ina pampu inayoinyunyizia sili kwa makusudi. *Isipokula* ndiyo uogope. Wamiliki wazuri wanapima kila wakijaza petroli mara mbili. Mimi naongeza na oili ya mashine za boti ndani ya tangi, mililita 5 kwa kila lita ya petroli. Pale Feri wavuvi wameshanizoea, wanadhani nina ngalawa.

#51 Kidagaa_Mchana
Taarifa ya mwisho mwisho. Jana nimeenda na betri ya shemeji ya Prado tukaunga. Pumzi zimekuwa 40 kwa sekunde kumi, yaani kasi karibu na inayotakiwa. Rota ya mbele nzuri. Ya nyuma bado pu-pu-pf, ila "pf" imenenepa kidogo. Na ya moto iliwaka kwa sekunde nne badala ya kumi na mbili.

Kwa hiyo Pwani ana haki, na MK ana haki, na mimi sijui nifanye nini. Nimetoa ofa milioni 5, nikamweleza nahesabu injini. Kakataa kupimiwa tena, anasema nimeichosha gari yake.

#52 MK_Mswahili (Milton Keynes)
5 ni bei ya haki kwa gari ya kufungua injini. 9.5 ni bei ya gari yenye karatasi. Yeye hana karatasi.

#53 Pwani Kabisa (Mombasa)
Mimi ningempa 7, nikaweka stata na koili, nikala maisha. Chumba kimoja kati ya sita! Watu wanaishi na figo moja.

#54 binti_gerezani
Ukiishia kutafuta injini ya mtumba ya Japani, ujue unanunua fumbo jingine. Haina gari, hutaiwasha hapo dukani. Ipigwe stata mezani tusikie hizo pu-pu zenu kwanza.

#55 Nyundo Ndogo
Toa rota weka injini ya Toyota, 1JZ, mjadala uishe.

#56 Rota_Tatu
Moderator, naomba huyu afungiwe siku saba.

#57 Mwana Mbeya
Wiki tatu kimya. Kidagaa uliishia wapi?

#58 Kidagaa_Mchana
Imeuzwa mkuu. Nimepiga simu Jumatatu, dalali kasema kuna mtu kaja na hela taslimu, milioni 8, hakupima hata tairi. Mimi nimechukua IST nyingine. Nyundo, sema unachotaka.

#59 Nyundo Ndogo
Sina la kusema, nina furaha tu.

#60 Mtu wa Ukonga
Wakuu, kijivu, gia sita, kopo la lita tano kwenye buti? Ni mimi niliyeinunua.

#61 Rota_Tatu
WEWE???

#62 Mtu wa Ukonga
Ile milango bwana. Nimeweka betri mpya na plagi, za L na za T, nimenunua kwa binti_gerezani hapa hapa. Ya moto inawaka sekunde tatu, nne. Siku nyingine sita.

#63 Fundi Seif wa Temeke
Mkuu ilete Temeke tuifungue rota ya nyuma tujue ni sili ya ubavuni au mpira wa maji. Kazi nakupunguzia, hapa watu wanataka jibu.

#64 Mtu wa Ukonga
Sifungui kitu. Inawaka.

#65 Kidagaa_Mchana
Maji je, unaongeza?

#66 Mtu wa Ukonga
Ya kunawa mikono tu.